Kisahani cha Kikombe cha Sita

Bunda,
4 Juni 1994

Mwanangu Esta,

Nakusalimu wewe na Isidori. Mimi sijambo. Mgongo ndio unaolalamika, nao nimeuambia usubiri zamu yake.

Nina shauri. Clementi, yule dereva wa lori la pamba anayekuletea barua zangu, anasema huko Musoma sasa kuna maduka mawili ya vikorokoro. Tangu vyombo vya Dubai vijae sokoni, watu wanauza vya zamani: karabai, pasi za mkaa, redio za mbao, saa za ukutani, hata vitanda vya chuma. Duka moja ni la mzee anayeitwa Mhoja, karibu na soko. Jingine liko upande wa bandarini. Nataka tuyazungukie mimi na wewe siku moja, tangu asubuhi mpaka jioni, bila haraka ya mtu yeyote.

Ninachotafuta ni kisahani. Unavijua vikombe sita vya mama yako, vile vyeupe vyenye ukingo wa bluu. Alipofariki nilikukabidhi vitano pamoja na visahani vyake, kwa sababu vyombo vya mama ni vya binti. Cha sita nilibaki nacho kwa kuwa hakina kisahani, na mama yako Wankyo asingependa upewe kitu pungufu. Ndicho ninachonywea chai. Kisahani chake nilikivunja mimi mwenyewe siku ya kipaimara chako, nilipoinuka kumpisha padre kiti. Mama yako aliokota vipande mbele ya wageni, akavifunga kwenye pindo la khanga, akaendelea kumimina chai. Lakini mpaka anakufa, kila akiniona nainuka haraka alikuwa akisema, "Bernado, visahani."

Chini ya vikombe imeandikwa Chekoslovakia. Redio inasema nchi hiyo imegawanyika, haipo tena. Basi kama kuna kisahani kimebaki duniani, tukitafute sasa kabla watu hawajasahau kwamba ilikuwepo.

Na chini hapo hapo kuna alama yetu. Wewe ulikuwa mdogo nilipoleta rangi ya kijani ya mashine kutoka jineri, kule kiwandani kwetu kwa kuchambua pamba. Mama yako alichovya kijiti akapiga vistari vitatu chini ya kila chombo, kuanzia masufuria mpaka vikombe vya wageni, ili vikiazimwa msibani vijulikane ni vya nani. Hapakuwa na msiba mtaani kwetu ambao vyombo vyetu havikwenda, na vyote vilirudi. Hata miaka ile ya foleni, sukari ilipokosekana kabisa, vikombe vilikwenda vikanywewa chai kavu, vikarudi.

Mpango wangu ni huu. Napanda basi la kwanza. Wewe unanipokea stendi, ukiwa na kikombe kimoja umekifunga kwenye kitambaa, tulinganishe rangi, maana bluu ziko nyingi. Tunaanza kwa Mhoja. Mchana tunakula sato kwa mama ntilie karibu na ziwa, na nitalipa mimi, usibishe. Halafu upande wa bandari. Basi la jioni linanirudisha. Nyumbani kwako sitakuja, usihangaike kufagia. Unajua kwetu baba mkwe haingii kwa mkwewe bila kualikwa, na Isidori ana kazi nyingi, simlaumu.

Jumamosi ya tarehe 18 inakufaa?

Huku nyumba ni kimya sana. Siku hizi mtangazaji akisema habari za jioni, namjibu.

Baba yako,
Bernado


Kitaji, Musoma,
11 Juni 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ameniletea Mama Renatus, yule mwenye kiduka hapa Kitaji ambaye Clementi humwachia barua. Nilicheka hapo kwenye redio, halafu nikaacha kucheka.

Baba, shauri lako ni zuri na ningependa sana. Ila Jumamosi hiyo Isidori ana wageni wa kazini wanaotoka Mwanza na lazima niwapikie. Jumamosi inayofuata pia sina uhakika. Labda tusubiri kidogo, pamba iishe, na wewe upumzike. Safari ya basi si nzuri kwa mgongo wako, barabara imeharibika.

Kuhusu vikombe, naogopa kuvitembeza. Viko kabatini na nimezoea kuviona pale. Ukinipa ruhusa nitakutafutia kisahani mwenyewe taratibu, nikikipata nimpe Clementi. Rangi yake naijua kwa moyo.

Isidori anakusalimu. Kula vizuri, baba, usinywe chai tu.

Mwanao,
Esta


Butiama,
20 Juni 1994

Esta wa dada yangu,

Salamu nitaziweka mwishoni, nikiwa bado nataka kukusalimu.

Baba yako alikuja hapa jana. Amenunua viatu vya mtumba, vyeusi, vinambana mpaka anatembea kama kuku aliyefungwa kamba. Nikamwambia, shemeji, rudisha. Akasema hapana, vitalegea kabla ya siku ya Musoma. Siku gani? Hajui. Anasema umemwomba asubiri. Kisha akanionyesha karatasi aliyochora mitaa ya Musoma, soko hapa, bandari pale, mahali pa kula samaki pamewekwa alama. Na mahali pa kupumzika pia. Nilimuuliza, mtakaa hapo mnaongea nini siku nzima? Akanijibu, "Sijui, Nyangi. Tutaona vitu, tutavisema."

Mimi ni mama yako mdogo na nimefunga mdomo tangu Kwaresima. Nilikuja Kitaji kukutembelea nikakuta mpangaji mwingine kwenye nyumba yako, nikaelekezwa Bweri, nikakukuta na chumba kimoja, kitanda kimoja, na kikaango cha samaki barabarani. Ukaniapisha nisimwambie baba yako, nami nikaapa, kwa kuwa ulikuwa unalia na mimi machozi ya mtu siyawezi. Lakini sikuapa kukaa na kuangalia ukimwandikia kwamba Isidori ana wageni wa kazini. Kazi gani? Alipunguzwa. Akaenda Mwanza kwenye biashara ya sangara tangu masika ya mwaka jana, na hata kipande cha karatasi hajaleta. Hao wageni umewatoa wapi, na umewapikia nini?

Unadhani baba yako anatafuta kisahani? Amekunywa chai bila kisahani miaka yote hii na haijamwagika. Anatafuta mtu wa kutembea naye. Yeye yuko Bunda anajibizana na redio, wewe uko Bweri unaongea na samaki. Nyie wawili mngekaa pamoja hata nusu saa, hiyo redio ingepumzika.

Mwambie. Sitamwambia mimi.

Salamu basi, sasa zinaweza.

Mamako mdogo,
Nyangi


Bweri,
27 Juni 1994

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikairudia nikiwa nimekaa.

Unasema nimwambie kana kwamba ni neno moja. Baba alimkataa Isidori. Unakumbuka. Alisema huyu kijana anaongea na watu huku anaangalia mlango. Nililia, nikagoma kula, mpaka akapokea ng'ombe kwa shingo upande. Toka siku hiyo hajawahi kumsema vibaya hata mara moja. Kila barua, "Nakusalimu wewe na Isidori." Sasa nimwandikie kwamba alikuwa sahihi? Hatanicheka, najua. Angenicheka ningeweza.

Na kuna jambo ambalo hata wewe sikukwambia. Anataka nije na kikombe. Mama mdogo, vikombe sina. Viko kwa mzee Mhoja, dirishani, vyote vitano na visahani vyake. Niliviuza mwezi wa pili, siku mwenye nyumba ya Kitaji alipotoa godoro langu nje na watu wakiangalia. Kabati lilikuwa limeshakwenda, meza imekwenda. Nilimwomba Mhoja asivitenganishe, akaniahidi. Nilipita mara moja kuvitazama, vilikuwepo. Sasa mtaa ule nauzunguka. Duka la kwanza kwenye mpango wa baba ndilo hilo, na jambo la kwanza atakalofanya ni kugeuza kikombe kutazama chini.

Nitamwambia. Nataka tu kwanza niwe na kiti cha kumkalisha. Hapa mgeni anakaa kitandani.

Mchana siumii sana, kuna wateja. Kila basi la Bunda linapita mbele ya kikaango changu, nami huwa naangalia mafuta, nisije nikamwona mtu wa nyumbani. Jioni ndiyo mbaya. Kuna siku nasonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, ndipo nakumbuka.

Usimwambie, nakuomba tena.

Mwanao,
Esta


Bunda,
10 Julai 1994

Mwanangu Esta,

Nakusalimu. Kaa chini usome, hii si barua ya kusoma ukipika.

Jana nimekuja Musoma. Usikasirike. Uliniambia tusubiri, nami nilisubiri, lakini viatu vimeshalegea na Clementi alikuwa na nafasi kwenye lori. Nilijiambia nitapita kwa Mhoja tu, nitazame, nirudi. Kitaji sikufika kwa sababu ya ile heshima ya ukwe, na kwa sababu ulikuwa hujaniita.

Duka la Mhoja ni zuri, ungelipenda. Kuna saa nne ukutani na kila moja ina wakati wake. Kuna cherehani, kuna gramofoni isiyo na sindano, kuna darubini ya Mjerumani ambayo jicho moja halioni. Nilitaka kukuonyesha kitu fulani nikageuka kukuita, nikamkuta mama mmoja anayetafuta sufuria. Akaniitikia, mama wa watu.

Halafu nikatazama dirishani. Esta, vikombe vya mama yako viko pale. Vitano, na visahani vitano. Niligeuza kimoja: Chekoslovakia, na chini yake vistari vitatu vya kijani, rangi ya jineri, cha katikati kimepinda kwa sababu ulimgonga mama yako kiwiko akiwa anachora. Nilishika meza.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi na nimepata jibu. Kumetokea msiba huko mtaani kwenu, ukaazimwa vyombo kama ilivyo kawaida, na mtu asiye na haya hakuvirudisha, akaviuza. Na wewe kwa upole wako ukaona aibu kudai, ukanificha, ndiyo maana hutaki kuja na kikombe. Nimepatia?

Nani alikuja kuazima? Clementi anasema vyombo vya misiba hapo Kitaji huwa vinakusanywa kwa Mama Renatus, yeye ndiye anayevipokea na kuvigawa. Basi ni lazima aulizwe yeye kwanza. Mhoja nimemwambia avishushe dirishani. Jumamosi ya tarehe 30 nitakuja na tutakaa na akina mama wa mtaa, tuulizane kwa utaratibu. Sitapiga kelele. Lakini vyombo vya Wankyo havijawahi kupotea msibani, na havitaanza sasa.

Nijibu kabla ya siku hiyo.

Baba yako,
Bernado


Bweri,
15 Julai 1994

Mama mdogo,

Ameviona. Alikuja peke yake, na sasa anaamini vimeibwa msibani na anataka kumuuliza Mama Renatus mbele ya akina mama wote wa Kitaji.

Mama Renatus, mama mdogo. Yule anayepokea barua zangu na kuzileta mpaka Bweri kwa miguu, mvua au jua, bila kuniuliza kwa nini sitaki baba ajue nilikohamia. Siku ya godoro ndiye aliyelala nami sakafuni kwake. Hata barua hii ya kumtuhumu ameileta yeye mwenyewe, kaifuta vumbi kwanza, kanipa, kanunua samaki wawili aina ya furu na kukataa kurudishiwa chenji.

Kinachoniogopesha ni kwamba nilipofika pale baba anapoeleza wizi, nilipumua. Nakuambia ukweli. Nilifikiri, Mungu amenipa jibu, nitasema ndiyo, niliibiwa, simjui nani. Nikakaa nalo wazo hilo mpaka mafuta yakaungua.

Nifanye nini?

Esta


Butiama,
19 Julai 1994

Esta,

Wewe unajua ufanye nini, ndiyo maana umeniandikia.

Ila nikwambie kitu kimoja kuhusu shemeji yangu. Amefanya kazi jineri miaka mingi, mashine ikikataa alikuwa anakaa kando anaisikiliza kwanza, hagusi. Wenzake walikuwa wanamcheka. Huyo si mtu wa kuona vikombe dirishani akaishia kufikiria msiba tu.

Andika leo. Tena uandike mahali unapokaa kweli, juu kabisa ya karatasi, halafu mengine yatakuja yenyewe.

Nyangi


Bweri, Musoma,
22 Julai 1994

Baba,

Shikamoo. Ukitazama hapo juu utaona nilipo. Si Kitaji. Nilihama mwezi wa pili.

Usimuulize Mama Renatus kitu. Nakuomba kwa jina la mama. Hakukuwa na msiba na hakuna aliyeazima vikombe. Nilivipeleka mwenyewe kwa Mhoja, nimevifunga kwenye khanga ile ile ya mama, nikavitoa kimoja kimoja. Nilimwomba asivitenganishe, hilo tu ndilo niliweza kufanya.

Isidori hayupo. Alipunguzwa kazini akaenda Mwanza, na tangu masika ya mwaka jana sijui yuko na nani wala anakula wapi. Wageni wa kazini hawakuwepo. Salamu zake zote nilikuwa naziandika mimi. Zilikuwa zinanipa shida kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua, maana nilikuwa nafikiria angesema nini, kisha naona kwamba simjui kiasi hicho.

Nakaanga samaki hapa barabarani. Nauza, silali njaa, usiwe na wasiwasi wa hilo. Chumba ni kimoja. Nina kitanda, ndoo mbili, na sufuria ya mama yenye alama, hiyo sikuiuza. Kiti sina. Nilikuwa nangoja nipate kiti ndipo nikuite, na ndiyo maana miezi imekwenda hivi. Nilikosa ujasiri nikauita kiti.

Baba, ulisema Isidori anaongea na watu huku anaangalia mlango. Ulikuwa sahihi. Nimeandika. Sasa unalo kwenye karatasi, huna haja ya kunisamehe kwa kunyamaza.

Nimekukumbuka sana. Hilo la kwenye duka, kwamba uligeuka kuniita, nimelisoma mara nyingi kuliko la vikombe.

Njoo. Nakualika mimi. Ukishuka Bweri, ulizia mama wa samaki, utanipata.

Mwanao,
Esta


Bunda,
31 Julai 1994

Mwanangu,

Jana sikuja Kitaji. Barua yako Clementi alinipa Jumatatu, nami nimechukua siku zote hizi kuijibu kwa sababu kila nikianza nafuta.

Sasa na mimi nina yangu ya kukuambia. Siku ile kwa Mhoja, nilipogeuza kikombe nikaona vistari vyetu, nilimuuliza vimetoka wapi. Hakunificha, hakujua mimi ni nani. Alisema, "Mzee, aliletaga mama mmoja mwembamba. Alikuwa analia kimya kimya. Akanisihi nisiviuze kimoja kimoja. Anakaangaga samaki huko Bweri, mkono wa kushoto ukitoka mjini." Akaniambia na nyumba yenyewe ilivyo. Basi mimi nilijua saa ile ile. Habari ya msiba na wizi niliitunga kwenye basi nikirudi, karibu na Kiabakari.

Niliitunga kwa makusudi. Niliona ukitaka kuingia humo na kusema umeibiwa, ningekubali, ningesema umeibiwa mpaka siku ya kufa kwangu, na kisahani tungetafuta kingine. Lakini nilimweka Mama Renatus mlangoni kwa sababu najua nimekulea mimi na Wankyo, na usingekubali asiye na kosa atuhumiwe. Clementi sikumwambia neno juu ya wizi, na huyo mama hakuna ambaye angemuuliza. Umwombe radhi kwa niaba yangu, au ningoje nimwombe mwenyewe, maana hata kumtaja bure ni kosa.

Nikitoka kwa Mhoja nilitembea mpaka Bweri. Viatu havikuwa vimelegea hata kidogo, niliandika vile nisionekane mjinga. Nilikuona. Nilisimama ng'ambo ya barabara karibu na fundi baiskeli, nikajifanya nangoja pancha. Umekonda. Umefunga kitambaa kama alivyokuwa akifunga mama yako, na unageuza samaki kwa mkono wa kushoto kama yeye. Kuna mteja alikutania ukacheka, halafu alipoondoka uso ukarudi ulivyokuwa. Nilitaka kuvuka. Hatua chache tu. Lakini ulikuwa hujaniita, Esta, ulikuwa umefanya kazi kubwa miezi mingi ili nisione, na mimi nikaona nikivuka nitakuwa nimekuvua nguo barabarani. Nikarudi mjini nikapanda basi la jioni. Lilipopita mbele yako nilikuwa dirishani upande wako. Uligeuza uso ukaangalia mafuta.

Sijui kama nilifanya vizuri. Nyangi anasema nilifanya upumbavu, tena kanitukana kwa Kizanaki ili nielewe vizuri zaidi.

Kuna jingine baya. Siku ile nilikuwa na hela ya kuvikomboa vile vikombe, lakini nilitaka tuviendee pamoja, wewe uvibebe mwenyewe. Tarehe 23 nilirudi dukani kuhakikisha vipo. Havipo, maana nilimwambia avishushe dirishani lakini sikumwachia hata senti. Kapita Mzungu mmoja akielekea mbugani, kavichukua vyote. Nilimfokea Mhoja. Akanijibu taratibu, "Mzee, sikuvitenganisha. Niliahidi hilo, na hilo nimelifanya." Mimi nilingoja unialike, wewe ukangoja kiti, na vikombe havikutungoja.

Kwa hiyo tumebaki na hiki changu kisicho na kisahani. Nitakuja nacho Jumamosi ya tarehe 6, nimekifunga kwenye kitambaa. Kiti usinunue, kitanda kinatosha, nitakaa nikiwa nimeinama kidogo kwa ajili ya mgongo. Chemsha maji tu. Utakunywa wewe kwanza, mimi nitangoja, halafu utanimiminia mimi. Tukimaliza twende mjini tukazunguke maduka yote mawili kama tulivyopanga. Hatutafuti kitu. Nataka tu nikigeuka kukuonyesha saa za Mhoja nikukute.

Sitafika stendi, nitashuka hapo hapo Bweri. Nitakaa upande wa dirisha. Jumamosi basi la kwanza la Bunda likija, mwanangu, usiangalie mafuta.

Baba yako,
Bernado